Danielle Smith wa Alberta: aliiacha kambi ya upinzani 2014, leo ndiye waziri mkuu wa jimbo. Aliwezaje?

Kiroboto wa Tandika, #1

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu shemeji yangu ahamie Calgary nimejikuta nafuatilia siasa za Kanada kuliko za kwetu, na kuna mama mmoja kanichanganya kabisa. Danielle Smith, waziri mkuu wa jimbo la Alberta. Mwaka 2014 alikuwa kiongozi wa kambi rasmi ya upinzani, chama kinaitwa Wildrose. Tarehe 17 Desemba, Krismasi inanukia, akabeba wabunge wenzake wanane wakahamia chama tawala, Progressive Conservative (PC). Yaani aliyehama si mbunge wa kiti cha nyuma, ni kiongozi wa upinzani mwenyewe! Miezi michache mbele uchaguzi ukafika, wananchi wakampiga chini. Watu wakasema kwisha habari yake.

Haya, Oktoba 2022 huyo hapo anaapishwa kuwa waziri mkuu.

Maswali yangu mawili. Alihama kwa nini? Na alirudije? Mimi nasema alifuata uwaziri, basi, hakuna cha itikadi wala nini. Anayebisha aje na hoja, asije na matusi.

Chuma Chakavu, #2

Napita kuweka alama. Nikirudi nikute mmeshatoana jasho.

Mlowezi wa Bow River, #3

Salama mkuu. Niko Calgary huku, ngoja nikunyooshee kidogo. Wananchi hawakupata hata nafasi ya kumpiga chini. Aliangukia kwenye kura za maoni za chama chake kipya, tarehe 28 Machi 2015, kule Highwood, eneo lenye miji ya High River na Okotoks. Aliyemwangusha ni diwani wa Okotoks, Carrie Fischer. Wanachama wa PC wa Highwood walipambana na Smith mwaka 2012, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba kumpinga, halafu leo wanaambiwa ndiye mgombea wao. Wakakataa.

Sasa sikia. Siku hiyohiyo, 28 Machi, Wildrose nao walikuwa wanatangaza kiongozi mpya, Brian Jean. Na tarehe 5 Mei uchaguzi mkuu ulipofika, Fischer naye akashindwa. Kiti cha Highwood kikarudi Wildrose, chama kilekile ambacho Smith alikiona hakina maisha.

Omosh wa Kisii, #4

Hapa Kenya asingevuka hivyo na kiti mkononi. Katiba ya 2010, ibara ya 103, ukijiuzulu kutoka chama kilichokupeleka bungeni, kiti kimeenda. Na si jambo la jana. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU wakaenda KPU, katiba ilibadilishwa chapuchapu wakarudishwa kwa wapiga kura.

Lakini tusijidanganye kwamba sheria inazuia watu. Mheshimiwa huhama kwa roho, mwili ukabaki chama cha zamani, anapiga picha na chama kipya kila wikendi, na barua ya kujiuzulu inaandikwa bunge likishakaribia kuvunjwa. Afadhali huyo mama alihama mchana kweupe.

Wakili Mtoro, #5

Omosh kagusa penyewe. Kwa Tanzania ni ibara ya 71(1)(e): mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge wake umekoma. Ndiyo maana wakati wa wimbi la "kuunga mkono juhudi", Maulid Mtulia wa Kinondoni alipotoka CUF na Godwin Mollel wa Siha alipotoka CHADEMA mwishoni mwa 2017, ilibidi uchaguzi mdogo uitishwe Februari 2018, na wote wawili wakarudi kupitia CCM.

Kanada mfumo ni wa Kiingereza. Kiti ni cha mtu, si cha chama. Mbunge anatoka upande huu wa ukumbi anakwenda kukaa upande ule, na kesho yake anapokea mshahara uleule. Jimbo la Manitoba lilijaribu kuziba mwanya huo. Mwaka 2006 walitunga sheria kwamba anayetoka kwenye chama chake akae kama mbunge huru mpaka uchaguzi. Baadaye mbunge Steven Fletcher, aliyetimuliwa kwenye kundi la wabunge wa PC mwaka 2017, akaipinga mahakamani, na mwaka 2018 serikali ya Manitoba yenyewe ikaifuta.

Chuma Chakavu, #6

Kumbe huko mheshimiwa anahama asubuhi na posho ya mchana inamkuta mezani. Shemeji wa Kiroboto atafute nafasi.

Binti Saadani, #7

Kiroboto, hoja yako ya uwaziri inagoma. Chini ya waziri mkuu wa wakati ule, Jim Prentice, Smith hakupewa wizara hata moja. Kama alifuata uwaziri, basi alitapeliwa.

Mimi naona hesabu ilikuwa ya kisiasa na ya kutisha. Angalieni mwaka ule ulivyokwenda. Machi 2014 waziri mkuu Alison Redford anajiuzulu kwa kashfa za matumizi, ikiwemo safari ya kwenda kwenye mazishi ya Mandela Desemba 2013 iliyokula karibu dola 45,000 za Kanada. Wildrose wakaanza kunusa ikulu. Septemba PC wakamleta Prentice, waziri wa zamani wa serikali kuu kule Ottawa, mtu mtulivu, hana makando. Tarehe 27 Oktoba kukawa na chaguzi ndogo nne kwa mpigo. Prentice mwenyewe na mawaziri wawili aliowateua wakiwa bado si wabunge walikuwa wanatafuta viti. PC wakabeba zote nne. Wildrose sifuri.

Hapo ukiwa mbunge wa Wildrose unalala unaota nini? Unaota uchaguzi mkuu ujao umeshindwa.

Kiroboto wa Tandika, #8

Binti, kutopewa uwaziri si ushahidi kwamba hakuutaka. Mwizi akikuta sanduku tupu bado ni mwizi.

Mlowezi wa Bow River, #9

Punguza makali, mkuu. Kuhama huko si kosa kisheria, na mtu wizi hajafanya.

Nimuongezee Binti kipande kinachosahaulika, nacho ni mafuta. Alberta inakula kwa mafuta. Juni 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, katikati ya Desemba liko chini ya 60. Mimi wakati ule nilikuwa nafanya kazi ya usafi usiku kwenye jengo la ofisi za kampuni za mafuta katikati ya mji. Kabla ya hapo nilikuwa nakuta watu wamekesha, meza zimejaa vikombe. Majira yale sakafu moja baada ya nyingine zikaanza kuwa giza saa mbili usiku, na maboksi ya watu waliopunguzwa yamepangwa karibu na lifti. Hofu ilikuwa ya kweli. Prentice akawa anasema jimbo linaingia kwenye dhoruba, wahafidhina waache kugombana. Maneno kama hayo kwa mtu aliyechoka upinzani yanaingia.

Na walipohama walitangaza makubaliano ya misingi: bajeti isiwe na nakisi, haki za kumiliki ardhi na kadhalika. Smith alisema waziwazi kwamba mambo aliyokuwa anayapigania Prentice ameyakubali, sasa ampinge kwa lipi?

Papaa Lubu, #10

Bandugu, miye niko Edmonton. Munasahau jambo moja. Mwezi ule wa Novemba 2014 Wildrose walifanya mukutano wao Red Deer. Palikuwa azimio la kusema chama kinatetea haki sawa za batu bote, na orodha ilitaja mpaka mwelekeo wa kijinsia. Wajumbe wakalikataa. Smith mwenyewe alikuwa anataka lipite.

Kwa nini lilimuuma? Juu ya 2012. Uchaguzi ule tafiti za maoni zote zilisema Wildrose wanashinda. Wiki ya mwisho likafumuka andiko la mugombea wao mumoja wa Edmonton, Allan Hunsperger, lililosema mashoga watateseka katika ziwa la moto. Smith akakataa kumufukuza. Siku ya kura, PC wakapata viti 61, Wildrose 17. Kazini kwangu batu ambao hawajawahi kupigia PC maishani walikwenda kuwapigia siku ile ili Wildrose wasiingie. Sasa miaka miwili na nusu mbele anaona chama chake kinataka kurudi kwenye ziwa lilelile. Akaona hawa sitawafikisha popote.

Mwanazuo Mkavu, #11

Papaa umeeleza vizuri ila usimpe utakatifu. Kiongozi anayeshindwa kura ndani ya mkutano wa chama chake anajiuzulu uongozi, anabaki mbunge wa kawaida au anakwenda nyumbani. Habebi nusu ya chama kwenda nayo kwa mshindani. Tena Kiroboto kataja wanane tu na yeye. Walioondoka ni zaidi: mbunge mmoja, Joe Anglin, alijitoa mwanzoni mwa Novemba akawa huru, halafu tarehe 24 Novemba Kerry Towle na Ian Donovan wakatangulia PC. Kisha ndiyo wakaja wale tisa. Kutoka 17 mpaka 5. Hao watano wakabaki na jukumu la kuitwa upinzani rasmi, wanatosha kwenye gari moja.

Mswahili wa Darajani, #12

Asalaam aleikum. Naona mnatafuta sababu kwa vijana, wakati kwenye ngalawa alikuwamo mzee.

Preston Manning ndiye aliyeanzisha Reform Party mwaka 1987, na baba yake Ernest Manning aliongoza Alberta toka 1943 hadi 1968. Huyu ni mzee wa wahafidhina wa magharibi ya Kanada. Maisha yake yote ameona jinsi kura za wahafidhina zikigawanyika wanavyokosa, na zilipounganishwa kitaifa mwaka 2003 miaka mitatu tu mbele wakaingia madarakani. Kabla ya tarehe 17 alizungumza na wabunge wa Wildrose juu ya kuungana. Baadaye, mambo yalipoharibika, alijitokeza hadharani akaomba radhi kwamba hakuwashauri wazungumze kwanza na wanachama.

Kwa hiyo mimi nasema Smith hakuhama. Alikwenda kuoa bila kupeleka posa. Ndoa yenyewe watu waliitaka, na ilifungwa baadaye.

Mama Tunu, #13

Mswahili hapo kwenye wanachama ndipo penyewe. Mjomba wangu alikuwa mwenyekiti wa mtaa kwa chama cha upinzani, sitaki kutaja mtaa wala chama. Akahamia upande wa pili kwa shangwe, akapokewa jukwaani, akavishwa kofia na fulana. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika wajumbe wa shina wakampitisha kijana mwingine. Wajumbe walimwambia kwa upole kabisa: "Mzee, sisi tumekaa kwenye foleni." Hiyo ndiyo Highwood niliyosoma hapo juu kwa Mlowezi. Wakubwa wanakupokea kwa mikono miwili, wa chini wana orodha yao.

Chuma Chakavu, #14

Nimerudi. Mama Tunu, fulana alirudisha?

Mama Tunu, #15

Anafanyia palizi.

Omosh wa Kisii, #16

Wadau, swali la pili bado halijaguswa. Amerudije? Maana kule kuanguka kwake hakukuwa kwake peke yake. Nimesoma kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale waliohama aliyerudi bungeni 2015. Wengine hawakugombea, wengine walikatwa kwenye mchujo, waliobaki wakashindwa.

Mlowezi wa Bow River, #17

Kweli Omosh. Na walioshinda ni NDP, chama cha mrengo wa kushoto ambacho 2012 kilikuwa na viti vinne tu. Kiongozi wao Rachel Notley akapata 54 kati ya 87. Wildrose 21. PC waliotawala tangu 1971 wakaambulia 10, na Prentice akajiuzulu kiti chake usiku uleule kabla kura hazijaisha kuhesabiwa. Mungu amrehemu, Oktoba 2016 alifariki kwenye ajali ya ndege karibu na Kelowna.

Sasa kurudi kwa Smith. Kwanza alikwenda redioni. Kuanzia 2015 mpaka mwanzoni mwa 2021 alikuwa na kipindi kwenye kituo cha hapa Calgary. Kila siku yuko masikioni mwa watu, wanampigia simu, anawasikiliza, wanalalamika, anakubaliana nao. Dereva wa lori anayemsikia kila mchana kwa miaka hiyo yote hamwoni tena kama msaliti wa 2014, anamwona kama jirani.

Pili, vyama vyenyewe viliungana. Jason Kenney alikuja kutoka Ottawa, Julai 2017 wanachama wa PC na wa Wildrose wakapiga kura, kila upande kwa asilimia 95 wakakubali kuwa chama kimoja, United Conservative Party (UCP). Kuanzia hapo dhambi ya kuhama ikakosa pa kushika. Utamlaumu vipi mtu kwa kuvuka mpaka uliofutwa?

Tatu, korona. Kenney, aliyekuwa waziri mkuu tangu 2019, alibanwa katikati. Mjini wanamwambia amelegea, vijijini wanamwambia amekaza. Mei 2022 wanachama wakampa asilimia 51.4 ya imani, akasema anaondoka. Smith akaingia kwenye pengo hilo na ajenda ya waliochukia masharti ya chanjo. Siku ya kuapishwa tu alitamka kwamba wasiochanja ndio waliobaguliwa kuliko kundi lolote aliloliona maishani mwake. Kelele zilizopigwa hapo!

Mwanazuo Mkavu, #18

Mlowezi, umeeleza kama vile wananchi wa Alberta walimsamehe. Wanachama wa chama si wananchi. Kinyang'anyiro cha UCP kilikuwa na wagombea saba na kura za kupanga kwa mapendeleo: unaandika wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa mwisho anaondolewa, karatasi zake zinagawiwa waliobaki. Smith duru ya kwanza hakufika nusu. Ilibidi zihesabiwe duru sita ndipo akapata asilimia 53.77 dhidi ya Travis Toews aliyekuwa waziri wa fedha. Waliopiga kura ni zaidi kidogo ya 80,000 kwenye jimbo la watu milioni nne na nusu. Halafu mbunge mmoja wa Brooks-Medicine Hat akamwachia kiti, akaenda kushinda uchaguzi mdogo kwenye eneo ambalo wahafidhina wakisimamisha kigogo cha mti kinapita.

Hapo mimi sioni kufufuka, naona mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

Binti Saadani, #19

Na 29 Mei 2023? Hapo walipiga kura wananchi wote, mkuu. UCP 49, NDP 38. Notley yuleyule aliyefaidika na ule uhamaji wa 2014 ndiye aliyeshindwa na mhamaji. Mlango huo nao ni wa nyuma?

Mwanazuo Mkavu, #20

Kutoka 63 za Kenney mwaka 2019 mpaka 49. Ukiita huo ushangiliaji, sawa.

Binti Saadani, #21

Ushindi ni ushindi. Bajeti haisomwi na aliyeshindwa kwa heshima.

Wakili Mtoro, #22

Tukubaliane kwenye jambo moja la mwaka 2015, maana naona mnamtwisha Smith kila kitu. Watu wa Alberta walimkasirikia Prentice kwa makosa yake mwenyewe. Uchaguzi kisheria ulikuwa uwe 2016, yeye akauitisha mwaka mzima kabla. Mapema Machi alipoulizwa redioni nani kalifikisha jimbo hapa, akawaambia watu wajitazame kwenye kioo. Tarehe 26 Machi ikasomwa bajeti yenye kodi na ada mpya kibao. Tazameni tarehe: siku mbili baadaye ndiyo Smith anapigiwa kura Highwood. Alihamia chama akisema kimekubali sera zake, na wiki hiyohiyo ya mchujo wake chama kinapandisha kodi. Hata angekuwa malaika asingepita.

Kiroboto wa Tandika, #23

Basi tukubaliane kwamba hesabu zake zilikuwa mbovu. Alifuata nguvu, nguvu ikaisha mikononi. Hoja yangu ya #1 bado inasimama kwa mguu mmoja.

Mama Tunu, #24

Mguu wenyewe unatetemeka.

Mimi ninachojiuliza, mbona mnamsema yeye tu? Nimezunguka kidogo, Kanada wamejaa. Bob Rae aliongoza Ontario kwa tiketi ya NDP 1990 mpaka 1995, baadaye akawa Mliberali wa kitaifa. Ujjal Dosanjh aliongoza British Columbia kwa NDP, halafu 2004 akawa waziri wa afya wa Waliberali Ottawa. Jean Charest alikuwa kiongozi wa Progressive Conservative wa kitaifa, 1998 akashuka Quebec kuongoza Waliberali, akakaa uwaziri mkuu toka 2003 hadi 2012. Thomas Mulcair alikuwa waziri wa mazingira wa huyohuyo Charest, akatoka, 2007 akaenda NDP, akaja kuwa kiongozi wao wa kitaifa. Wote hao wanaitwa wazee wa busara.

Omosh wa Kisii, #25

Tofauti ipo Mama. Hao wengi walipita nyumbani kwanza. Walitoka, wakakaa nje, wakarudi kwa uchaguzi wakiwa na rangi nyingine. Smith alivuka akiwa amekalia kiti cha watu wa Highwood, na kiti kile alipewa ili aipinge serikali.

Papaa Lubu, #26

Na kama munataka kulinganisha, muchukue Sandra Jansen. Alikuwa mubunge wa PC kule Calgary, akagombea uongozi wa chama 2016, akajitoa akisema alisumbuliwa na kutukanwa. Novemba akavuka kwenda NDP, chama tawala wakati ule. Alisimama bungeni akasoma matusi aliyotumiwa kwa kuvuka, neno kwa neno. Ilibidi apewe ulinzi. Na yeye alipata ule uwaziri Kiroboto anaoutafuta: 2017 akawa waziri wa miundombinu. Lakini 2019 hakugombea tena. Smith hakupata uwaziri, leo anaongoza jimbo.

Mwanazuo Mkavu, #27

Papaa, aliyevuna kuliko wote ni Rob Anderson. Huyu Januari 2010 alitoka PC akaenda Wildrose na Heather Forsyth. Smith ndiye aliyewapokea kwa mbwembwe, akiwa na miezi michache tu kwenye uongozi. 2014 Anderson akarudi PC pamoja na Smith. Forsyth akakataa kuhama mara ya pili, akashika uongozi wa muda wa wale watano. Na 2022 Smith alipochukua nchi, Anderson akawa mkurugenzi mtendaji wa ofisi yake. Brian Jean naye, aliyeiokota Wildrose majivuni na akagombea dhidi yake 2022, ni waziri wake wa nishati.

Mswahili wa Darajani, #28

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wote wamekutana shimoni.

Chuma Chakavu, #29

Sasa na sisi tuna wa kwetu. Lowassa alitoka CCM Julai 2015, akagombea urais kwa CHADEMA, Machi 2019 akarudi CCM. Aliyepigwa mabomu ya machozi kwa ajili yake hakupewa hata nauli ya kurudi.

Wakili Mtoro, #30

Chuma, uzi wa Lowassa upo, ukaufufue kule. Turudi Alberta kabla mods hawajaamka.

Mama Tunu, #31

Alberta kuna mtu wetu kidogo, mnajua? Naheed Nenshi, kiongozi wa NDP wa sasa anayekabana koo na Smith, wazazi wake ni Waismaili waliotoka Arusha. Yeye kazaliwa Toronto, kakulia Calgary, akawa meya wa Calgary toka 2010 hadi 2021. Notley alipong'atuka, Juni 2024 Nenshi akashinda uongozi kwa kishindo.

Kiroboto wa Tandika, #32

Arusha! Sasa ndiyo shemeji yangu ananiambia habari za theluji tu, hili hakunitajia.

Mwanazuo Mkavu, #33

Na huyo naye mbona hamumwiti mhamaji? Miaka kumi na moja ya umeya alitamba kwamba hana chama, rangi yake zambarau, akichanganya nyekundu ya Waliberali na buluu ya wahafidhina. Kaingia NDP mwaka uleule aliogombea kukiongoza.

Mlowezi wa Bow River, #34

Halmashauri za miji huku Calgary hazikuwa na vyama wakati wake, mkuu. Huwezi kuhama ulipokuwa hujapanga. Ila lawama unayoisema ipo, baadhi ya wana-NDP wa zamani hawajamzoea bado. Ilimchukua mwaka mzima kupata kiti. Juni 2025 ndipo akashinda uchaguzi mdogo wa Edmonton-Strathcona, kiti cha Notley.

Omosh wa Kisii, #35

Mtu wa Calgary kwenda kuombea kura Edmonton, nasikia hiyo peke yake ni usaliti kuliko wa Smith.

Papaa Lubu, #36

Hahaha. Ni kweli kabisa. Mambo ya hoki hayo, usiyaingize hapa.

Binti Saadani, #37

Mlowezi, na wale wa UCP waliomkimbia Smith 2025? Peter Guthrie alikuwa waziri wake wa miundombinu, akajiuzulu uwaziri mwanzoni mwa 2025 akitaka uchunguzi wa mikataba ya ununuzi ya afya, Aprili akatimuliwa kwenye kundi la wabunge. Yeye na mwenzake Scott Sinclair wakaanza kutaka kulifufua jina la Progressive Conservative. Smith amehamia PC, PC imekufa, sasa watu wanamkimbia kwenda PC.

Mlowezi wa Bow River, #38

Wameanza, ila jina limeleta ugomvi. UCP walisema jina la PC ni mali yao kwa sababu waliungana nalo 2017. Wabunge wenyewe walikuwa wawili, na maeneo yao ya nje ya miji mikubwa ni yaleyale yanayompa Smith kura. Uchaguzi umepangwa Oktoba 2027.

Kiroboto wa Tandika, #39

Kwa hiyo Guthrie alikuwa na uwaziri akauacha. Mnaona? Kuna watu wanauacha.

Mama Tunu, #40

Kiroboto, pumzika baba.